Gitaa halikubali: kasoro zinazowakwamisha wanaojifunza kwa nyimbo, na namna ya kuzitatua

Anayejifunza gitaa kwa nyimbo anazozipenda ana bahati moja kubwa: sikio lake tayari linaujua wimbo. Kosa likitokea analisikia papo hapo. Anakokwama ni kujua kosa limetoka wapi, na wengi huishia kulaumu vidole vyao au kusema hawana kipaji. Malalamiko yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi hapa Dodoma na vijana wa kwaya, wanafunzi wa vyuo na watu wazima walionunua gitaa la kwanza. Karibu yote yana dawa, na dawa nyingi hazigharimu hata shilingi.

Fuata utaratibu huu kwa kila tatizo: kagua gitaa kwanza, kisha mkono, kisha wimbo wenyewe. Usiruke hatua. Mtu anayehangaika mwezi mzima na vidole wakati kasoro iko kwenye gitaa ameonewa, na inaniuma kila ninapomwona mtu wa namna hiyo akiliweka gitaa juu ya kabati na kulisahau.

Kwa maelezo yote, uzi wa 1 ni ule mwembamba kabisa na wa 6 ni ule mnene. Kutoka wa 6 kwenda wa 1 noti zake ni E, A, D, G, B, E. Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa.

## Kila kodi inasikika vibaya, hata zile rahisi

Sababu inayoongoza ni gitaa lisilotyuniwa. Washa programu ya kutyuni kwenye simu, piga uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, yaani bila kuubana, na uhakikishe programu yenyewe imewekwa A = 440. Ikiwa mtu ameigusa ikawa 432, gitaa lako litapatana lenyewe kwa lenyewe lakini litagombana na kinanda kila Jumapili. Tyuni ukipanda: kama uzi umezidi, ulegeze hadi ushuke chini ya noti, halafu ukaze polepole mpaka ufike. Uzi uliofikiwa kwa kushuka huendelea kulegea ukiwa unapiga.

Kuna mtego hapa. Programu nyingi huonyesha herufi tu, hazisemi kama noti ni ya juu au ya chini. Unaweza kuukaza uzi wa 3 ukitafuta G iliyo juu zaidi ya ile inayotakiwa, ukashangaa umekatika na kukuchapa mkono. Uzi ukianza kuwa mgumu kupita wenzake, acha, ulegeze, uanze upya.

Sababu ya pili ni nyuzi mpya. Nyuzi zilizofungwa jana zitalegea leo, na hilo si ugonjwa. Zivute taratibu kwa vidole katikati ya gitaa, tyuni, rudia mpaka zitulie.

Sababu ya tatu ni hewa ya huku kwetu, na hii watu wengi hawaifikirii. Gitaa lililokaa dukani Kariakoo limezoea unyevu wa pwani. Likipanda treni ya SGR asubuhi, mchana liko Dodoma, na kama ni kiangazi, kati ya Mei na Novemba, limeingia kwenye hewa kavu ghafla. Mbao hupoteza maji na kusinyaa. Siku za kwanza tyuni haitakaa. Lipe muda kabla hujalihukumu. Kiangazi kikikolea utaona dalili nyingine: ncha za freti zinatokeza pembeni mwa shingo na kukwaruza kiganja, uso wa gitaa unazama kidogo, nyuzi zinasogea karibu na freti na kuanza kunguruma. Magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa kwa plaiwudi huvumilia zaidi. Yale yenye uso wa mbao nzima, ambayo ni ghali na yana sauti nzuri, ndiyo hupasuka.

Kinga yake ni rahisi. Gitaa likae ndani ya begi lake, zipu imefungwa, usiliache ukutani. Chukua kisanduku cha sabuni chenye kifuniko, kitoboe matundu juu, weka ndani yake kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe, kisha kiweke ndani ya begi upande wa kichwa cha gitaa. Sponji isiguse mbao. Unyevu unaopendekezwa kwa gitaa ni asilimia 45 hadi 55, na chumba cha bati mchana wa Septemba kiko chini sana ya hapo. Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa kikao kimoja, kwa sababu joto hulainisha gundi inayoshika daraja, yaani kile kipande cha mbao tumboni ambako nyuzi zinafungwa.

Sababu ya mwisho, isiyo ya kawaida sana: nyuzi wazi ziko sawa, lakini kodi zinazopigwa juu shingoni zinasikika vibaya. Bana uzi kwenye freti ya 12 uusome kwenye programu. Iwe noti ileile ya uzi wazi, ila ya juu. Ikizidi au ikipungua waziwazi, badilisha nyuzi kwanza, maana nyuzi kuukuu hudanganya. Ikibaki hivyohivyo, ni kazi ya fundi.

Simama hapa. Kama karatasi inapenya chini ya daraja, kama kuna ufa unaofuata mbao, au shingo imepinda hadi jicho linaiona, legeza nyuzi zote na ulipeleke gitaa kwa fundi anayejua magitaa. Usitumie gundi ya dukani. Ikishakauka vibaya fundi atalazimika kuibandua na mbao pamoja.

Onyo jingine ambalo halina mjadala: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nyuzi za nailoni. Gitaa la nailoni lina shingo pana na kichwa chenye matundu mawili marefu, na nyuzi zake hufungwa kwa fundo kwenye daraja. Nyuzi zake sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Za chuma huvuta karibu 70. Daraja litang'oka, kama si wiki hii basi baadaye.

## Uzi mmoja unanguruma au umekufa kabisa

Kabla ya lolote fanya jaribio hili. Achia kodi yote. Bana ule uzi mmoja tu, kwa kidole kimoja, kwenye freti ileile, na uupige. Ukilia safi, tatizo ni mkono wako. Ukiendelea kunguruma, tatizo ni gitaa.

Kwa upande wa mkono, mara nyingi kidole kiko mbali na freti. Kinatakiwa kukaa nyuma tu ya chuma, kikikaribia kukigusa, siyo katikati ya nafasi. Ukikisogeza hapo utaona hata nguvu inayohitajika inapungua. Baada ya hapo angalia kidole cha jirani. Kwenye C, kidole cha shahada kilicholala hugusa uzi wa 1 na kuuzima, na kidole cha pete hugusa uzi wa 4. Simamisha vidole kwa ncha, kata kucha za mkono wa kushoto. Kama bado, tazama dole gumba: likiwa limekumbatia shingo hadi juu, vidole vingine hukosa nafasi ya kusimama. Lishushe nyuma ya shingo, katikati.

Kwa upande wa gitaa, mahali mngurumo unapotokea panakueleza sababu. Ukiwa kwenye uzi wazi tu, kijiti cheupe kilicho mwanzo wa shingo kimelika. Ukiwa kwenye freti moja tu, freti ya mbele yake imeinuka. Ukiwa kwenye freti nyingi za mwanzo, shingo imenyooka kupita kiasi au ukavu umefanya kazi yake. Kinyume chake, nyuzi zilizo juu mno hazingurumi ila zinachosha: pima kwa rula kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi wa 6. Milimita 2 hadi 3 ni kawaida. Ikifika 4 na kuendelea, gitaa hilo linamtesa anayeanza bila sababu.

Ndani ya shingo ya magitaa mengi ya nyuzi za chuma kuna fimbo ya chuma inayorekebishwa kwa ufunguo. Video zinaonyesha kwamba ni rahisi. Kwa gitaa lako la kwanza, usiiguse. Ikikazwa kupita kiasi hukatika ndani, na gharama ya kuitoa inazidi bei ya gitaa.

## Vidole vinauma

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na huisha baada ya wiki chache ngozi ikishakuwa ngumu. Piga dakika 10 au 15, pumzika, rudi jioni. Saa mbili kwa mkupuo Jumamosi halafu wiki nzima bila kushika gitaa hakusaidii kitu. Nyuzi nyepesi, seti inayoanza na namba 10, hupunguza adha.

Maumivu ya kifundo cha mkono, kiwiko au ganzi inayotambaa kwenye vidole ni jambo jingine. Punguza nguvu ya kubana, nyoosha kifundo, paja la kulia lisiwe juu mno hadi gitaa likulazimishe kujikunja. Ganzi isipoondoka ukishapumzika, au ikikuamsha usiku, acha gitaa na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Hili halitibiwi kwa mazoezi zaidi.

## Kodi moja moja naziweza, zikifuatana wimbo unakatika

Lalamiko hili ndilo linaloongoza, na sababu yake kubwa haiko kwenye mkono wa kushoto. Ni kwamba mkono wa kulia unasimama kuusubiri wa kushoto. Ukishaufundisha mkono wa kulia kusubiri, utasubiri milele. Geuza: mkono wa kulia uendelee kucharaza kwa mwendo uleule hata kama kodi haijakaa, hata kama pigo moja linaangukia nyuzi wazi. Sikio la msikilizaji husamehe noti chafu mapema kuliko linavyosamehe mdundo uliosimama, na mkono wa kushoto ukishajua kwamba hausubiriwi, huharakisha.

Sababu ya pili ni kunyanyua vidole vyote kila unapobadilisha. Tafuta kidole kisichohitaji kuondoka. Kutoka C kwenda A maina, vidole viwili vinabaki palepale. Kinachohama ni cha pete tu. Na kwa anayeanza hakuna zawadi kubwa kama hii: piga G kwa kubana uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 5 freti ya 2, kisha kidole cha pete kwenye uzi wa 2 freti ya 3 na kidole cha mwisho kwenye uzi wa 1 freti ya 3. Sasa hamisha tu vile viwili vilivyo kwenye nyuzi nene: cha uzi wa 6 kiende uzi wa 5 freti ya 3, na cha uzi wa 5 kiende uzi wa 4 freti ya 2. Umepata aina ya C inayosikika tamu, na kidole cha pete hakijaondoka. Kwenye D nacho kinabaki hapohapo. Kodi tatu za do, fa na so kwa ufunguo wa G, na nanga moja.

Kwa kodi hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi mno. *Malaika*, ambao Fadhili William aliurekodi na kuueneza, unapigika kwa kodi ya do, ya fa na ya so bila kuongeza nyingine. Mapambio mengi ya kanisani nayo ni hivyo.

Sababu ya tatu ina jina: F. Watu huacha gitaa kwa sababu ya F. Nimesikia walimu wakisema usipoiweza F ya kulaza kidole wewe si mpiga gitaa, na sikubaliani nao hata kidogo. F inakuja kwa sababu umechagua kupiga wimbo kwa ufunguo wa C, ambako fa ni F. Uhamishie G, ambako fa ni C, na F imetoweka. Kama sauti ya mwimbaji inataka C kwelikweli, piga kwa maumbo ya G na kapo, yaani kibano kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya 5. Wakati huohuo jifunze F ndogo ya nyuzi nne: uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 2, na shahada ikilalia nyuzi mbili za mwisho freti ya 1. Ile kubwa itakuja yenyewe mkono ukishapata nguvu.

Ukishakagua hayo yote na bado unakwama, huenda wimbo una kodi nyingi kuliko kiwango chako. Uweke pembeni kwa sasa, chagua mwingine.

## Ninacharaza sawasawa, lakini hakuna anayecheza

Kuna mtindo mmoja wa kucharaza ambao kila video ya wanaoanza hufundisha: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Ni mzuri. Ila umetengenezwa kwa mapigo manne, na mwanafunzi hujaribu kuuingiza kwenye kila wimbo, hata unaokwenda kwa sita. Hapo ndipo sauti inapokuwa sahihi na mwili ukakataa.

Kwa hiyo kagua wimbo kwanza. Uweke kwenye simu, weka gitaa chini, piga makofi pale ambapo mguu wako unataka kukanyaga. Halafu sikiliza ndani ya kila kofi kuna vipande vingapi. Vikiwa viwili au vinne, mtindo wa video utakaa. Vikiwa vitatu, kama ilivyo kwenye nyimbo nyingi za kwaya za mwendo wa kubembea na ngoma nyingi za asili, charaza CHINI-chini-juu, CHINI-chini-juu, ukikazia ile ya kwanza.

Nyimbo nyingi za Bongo Fleva zina mkazo wa tatu-tatu-mbili. Hesabu nane sawasawa, na ukazie ya 1, ya 4 na ya 7. Mkono ukienda chini na juu bila kukoma, ya 1 itaangukia chini, ya 4 juu, ya 7 chini. Nyingine zote mkono unapita hewani bila kugusa nyuzi. Siku ya kwanza inachanganya. Ishikilie polepole, ukihesabu kwa sauti kubwa, mpaka mkono wenyewe uanze kutabasamu; kuanzia hapo nyimbo nyingi za redioni zitafunguka kwa pamoja.

Kama mapigo ni sahihi na bado wimbo umelala, sababu inayofuata ni mapigo yote kuwa na nguvu sawa. Gusa laini, kazia machache. Inayofuata ni kupiga nyuzi zote sita kila mara. Pigo la kwanza ligonge nyuzi nene tu, yanayofuata yaguse nyembamba, na ghafla utasikia kama kuna bezi na ridhimu pamoja. Mwisho, kiganja cha kushoto hakijui kunyamazisha. Legeza vidole bila kuviondoa kwenye nyuzi mara baada ya pigo, na sauti itakatika kwa ukavu unaochezesha.

## Kodi nilizopata kwenye simu hazilingani na wimbo

Kwanza, tyuni. Nimeshasema, narudia.

Pili, aliyeandika kodi hizo ameandika kwa ufunguo uliomrahisishia yeye, siyo ule wa rekodi. Tafuta do mwenyewe. Imba mstari wa mwisho wa wimbo. Noti unayotulia juu yake kwa kawaida ndiyo do. Itafute kwenye uzi wa 6: freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 8 ni C. Ukishaipata, familia yake inajulikana. Kwa G, do, fa na so ni G, C na D, na ndugu zao wa maina ni A maina, B maina na E maina. Waimbaji wa kwaya wanaosoma sol-fa wana mtaji mkubwa hapa. Nawahimiza waache kukariri herufi na wafikiri kwa do, fa, so. Wimbo ukihama ufunguo, fikra hazihami.

Jihadhari na nyimbo zinazozunguka kodi nne bila mwisho. Nyingi huanzia kwenye maina, kwa mfano E maina, C, G, D, na noti ya mwisho haitulii vizuri popote. Hapo sikiliza bezi badala ya sauti ya mwimbaji.

Tatu, na hili ni la kanisani hasa. Mpiga kinanda anakwambia ni C, wewe unapiga C, na mnagombana. Wote mko sahihi. Wapiga vinanda wengi hupiga kila kitu kwa umbo la ufunguo mmoja na kubonyeza kitufe cha transipozi ili kufikia sauti ya mwimbaji. Usimuulize ufunguo, muulize kioo kinaonyesha namba gani. Ikionyesha 3, weka kapo freti ya 3 na upige C yako. Ikionyesha 5, kapo freti ya 3 na upige kwa maumbo ya D. Ikionyesha 1 yenye alama ya kutoa, kapo freti ya 4 na maumbo ya G. Mwalimu wa kwaya akipandisha ufunguo katikati ya wimbo, kama wapendavyo kufanya kwenye ubeti wa mwisho, hutakuwa na muda wa kapo. Patana nao siku ya mazoezi.

Nne, do yako inaangukia katikati ya freti mbili. Ama bendi ilityuni chini, ama aliyepandisha video amebadilisha kasi yake. Tyuni gitaa lifuate rekodi, au tafuta rekodi nyingine.

## Skeli naijua, solo haitoki

Vidole vinapanda na kushuka skeli bila kosa, lakini ukiachiwa nafasi ya solo unapanda na kushuka tu. Mara nyingi sababu ni kwamba skeli imekaririwa kwa vidole, haijaimbwa. Piga noti tano za do, re, mi, so, la kwa G, yaani G, A, B, D, E, huku ukiziimba. Kisha funga macho, imba kijimstari kifupi cha wimbo unaoupenda, na ukitafute. Usitafute kipya. Melodi ya mwimbaji ndiyo solo ya kwanza ya kila mtu.

Sababu inayofuata ni kutotulia kwenye kodi. Kodi ikiwa C, kijimstari chako kiishie C, E au G. Ikiwa D, kiishie D au A. Badiliko hili dogo hugeuza mazoezi kuwa muziki siku hiyohiyo.

Ya tatu ni kutopumua. Sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano aliyefariki mwaka 1979. Gitaa la solo linasema, linanyamaza, ridhimu inajibu. Piga mstari, ondoa mkono, hesabu nne, piga mwingine. Sebene ya kasi itafuata. Anayeianza kabla ya hapo hupiga noti nyingi asizozisikia.

## Gitaa la umeme linanguruma, au linapiga shoti

Mngurumo unaokoma ukigusa nyuzi ni wa kawaida: badilisha waya wa gitaa, sogea mbali na taa na chaja, chomeka amplifaya na mikisa kwenye ekstensheni moja. Mngurumo usiokoma, kagua plagi na soketi ya gitaa iliyolegea.

Lakini ukiguswa na umeme mdomoni unaposogelea maiki huku umeshika nyuzi, zima kila kitu kwenye swichi ya ukutani na usiendelee na ibada kwa vyombo hivyo. Hata kama ni mtekenyo tu. Maana yake waya wa athi haufanyi kazi mahali fulani, na kilicho nyuma yake ni volti 230. Usikate pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mngurumo, na anayekushauri hivyo usimsikilize. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime athi ya jengo.

## Nyimbo za Kigogo zinagoma kwenye gitaa

Hili lalamiko ni letu wenyewe, na nalipenda kuliko yote. Kijana amekulia Chamwino au Mvumi, anataka kupiga kwa gitaa nyimbo alizozisikia zikiimbwa kwa zeze na ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa dole gumba. Noti nne zinakaa. Moja haikai popote: freti hii iko chini, inayofuata iko juu.

Kosa si lake na gitaa halijaharibika. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti ambazo uzi hutoa wenyewe kwa asili unapogawanyika vipande 6, 7, 8, 9 na 10. Kwa sol-fa ni so, ta (yaani ti iliyoshushwa nusu toni), do, re, mi. Lakini ile ta, ya kipande cha 7, iko chini ya ta ya gitaa kwa karibu theluthi ya nusu toni. Unaweza kuisikia kwenye gitaa lako: gusa uzi wa 6 kwa wepesi, bila kuubana, kabla kidogo ya freti ya 3, na uupige karibu na daraja. Itatoka noti nyembamba ya juu, jamii ya D. Sasa piga D ya kawaida kwenye uzi wa 1 freti ya 10. Tofauti unayoisikia ndiyo inayokusumbua.

Kagua kwanza jambo jepesi: huenda unatumia skeli ya do, re, mi, so, la, ambayo haina ta kabisa. Badilisha la kwa ta na mambo mengi yatakaa. Kisha, kwa noti yenyewe, tumia la na uivute. Kwa ufunguo wa G, bana E kwenye uzi wa 2 freti ya 5, uusukume uzi juu hadi ukaribie F bila kuifikia. Fanya hivyo ukisikiliza rekodi ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, au, vizuri zaidi, mtu anayepiga mbele yako.

Jambo la ndani zaidi ni kodi. Ukiweka kodi nzima za G, C na D chini ya wimbo huo, unaufunga kwenye noti za freti na ladha inakufa. Acha uzi mmoja mnene ulie mfululizo kama zeze, na melodi ipite juu yake.

Mkipiga pamoja na ilimba, tyuni gitaa lifuate ilimba. Usimwombe mwenye ilimba asogeze vyuma vyake vifuate programu ya simu. Na ukifika mahali sikio lako halina uhakika tena ta iko wapi, weka gitaa chini na umwombe mzee anayejua kuimba wimbo huo auimbe polepole, mara nyingi atakavyokubali.